Kupausha na Kusafisha Upya Negativu

Negativu ya picha nyeusi na nyeupe ni utando wa gelatini uliobeba chembe ndogo mno za fedha. Palipopigwa na mwanga mwingi chembe ni nyingi na filamu ni nyeusi. Palipokuwa na kivuli chembe ni chache. Tofauti hiyo ikiwa ndogo, picha itakayochapishwa huwa ya kijivu tupu. Mara nyingi sababu yake ni filamu kuondolewa mapema katika dawa ya kusafishia. Je, kosa hilo laweza kurekebishwa filamu ikiwa imekwisha kukauka? Laweza, kwa kuwa fedha hukubali kugeuzwa kuwa chumvi, kisha ikarudishwa kuwa fedha.

Kwanza filamu hupaushwa katika mmumunyo wa dikromati ya potasiamu na asidi hidrokloriki kidogo. Fedha huoksidishwa ikawa kloridi ya fedha, na picha hufifia mbele ya macho. Mwanafunzi asiyezoea hudhani imepotea. La hasha, kloridi hiyo haiyeyuki katika maji, hivyo kila chembe hubaki mahali pake. Filamu huoshwa mpaka rangi ya manjano itoke, huwekwa nuruni, na kutiwa tena katika dawa ya kusafishia. Fedha hurudi pamoja na misombo ya kromi iliyonaswa katika gelatini. Nyongeza hiyo hufuata wingi wa fedha: penye weusi huongezeka zaidi, na tofauti hukua. Hata hivyo, kivuli ambacho mwanga haukukiandika hakina cha kuongezwa.

Tofauti ikiwa kubwa mno, hutumiwa ferisianidi ya potasiamu na bromidi ya potasiamu. Baadaye filamu husafishwa kwa dawa hafifu na kuondolewa kabla sehemu nzito hazijarudi zote. Haipo huyeyusha bromidi iliyosalia, na hapo hapana kurudi nyuma.

Haipo hiyohiyo yaweza kuharibu kazi tangu mwanzo. Ikiwa imesalia ndani ya filamu isiyooshwa vizuri, ikikutana na ferisianidi huyeyusha fedha na kuiondoa kabisa. Mchanganyiko huo ndio dawa ya kupunguza weusi aliyoieleza Howard Farmer mwaka 1883. Basi negativu ioshwe upya kabla ya kupaushwa, na jaribio la kwanza lifanywe kwa kipande kisicho na thamani. Dikromati ni sumu na yaweza kuleta saratani: mwalimu mwenyewe aishike, kwa glavu, wala isimwagwe mferejini.