Land Rover Kuukuu ya Kikundi: Kuifufua na Kuujua Ugonjwa Wake



Katika vijiji vingi kuna Land Rover moja ya zamani iliyoegeshwa chini ya mti, kuku wanataga ndani. Pengine iliachwa na misheni, pengine ilinunuliwa kwenye mnada, na sasa kikundi kinauliza: je, inaweza kutembea tena, ibebe maziwa na mbegu, na usiku imfikishe mama mja mzito hospitali? Mara nyingi inaweza, na kazi kubwa inafanyika pale pale nyumbani. Lakini pesa za kikundi zimechangwa kidogo kidogo, kwa hivyo tuanze na kile kinachoweza kuzimeza zote.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Ile tunayoiona sana vijijini ni Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Dada zake wakubwa ni Series II ya 1958 na IIA ya 1961. Nyingine ziliunganishwa hapa hapa kwetu, katika kiwanda cha Leyland pale Thika. Injini yake ya kawaida ni ya silinda nne, lita 2.25, ya petroli au ya dizeli. Haina kompyuta, na spea bado zinapatikana Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ile wazee bado wanaiita Grogan.

CHESISI KWANZA, RANGI BAADAYE

Watu wengi hudanganywa na bodi. Bodi ya Land Rover ni ya alumini na haili kutu kama mabati, kwa hivyo gari linaweza kung'aa juu na huku chini limeoza. Chesisi ni ya chuma. Lala chini ya gari na nyundo ndogo. Gonga chesisi yote, hasa boriti ya nyuma kabisa, mahali springi zinaposhikia, na mikono inayobeba bodi kando. Chuma kizima kinalia ngo! Kilichooza kinatoa sauti nzito kama kibuyu chenye maji. Hapo chomeka bisibisi. Ikiingia, mmepata ugonjwa. Angalieni pia ukuta wa chuma ulio mbele ya dereva, pale miguu inapokaa.

Mahali alumini inapogusana na chuma, unyevu ukiingia, alumini inaliwa na kubaki unga mweupe. Safisheni unga huo, pakeni rangi, na mweke kipande cha mpira katikati kabla ya kufunga tena.

Sehemu moja au mbili zilizooza, fundi mzuri wa kuchomelea atazikata na kuweka chuma kipya kinene. Kama chesisi imeoza kila mahali, sisi tungeshauri kikundi kiiache gari hiyo na kutafuta nyingine. Kuna wanaopaka lami juu ya kutu ili mnunuzi asione. Kwangueni lami.

KUIAMSHA INJINI

Gari iliyolala miaka isipigwe stata siku ya kwanza. Toa plagi zote nne, mimina kijiko cha oili ya injini katika kila silinda, uache hadi kesho yake. Wakati huo mwaga oili kuukuu, badilisha filta, na uangalie rejeta kama manyigu hawajajenga. Petroli ya zamani itolewe kwenye tanki, wala msiivute kwa mdomo. Kwenye pampu nyingi kuna kikombe cha kioo; kifungue, usafishe uchafu ulio chini.

Kesho yake zungusha injini kwa hendeli, plagi zikiwa bado nje. Dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke hendeli. Injini ikirudisha nyuma, hendeli inavunja mkono. Injini ikizunguka laini, furahini. Ikikataa kabisa, msiilazimishe. Rudisheni oili kidogo na mngoje siku nyingine.

Injini ya petroli isipowaka, maswali ni mawili tu: kuna moto? kuna petroli?

Moto: chomeka plagi kwenye waya wake, chuma cha plagi kiguse injini, mwingine azungushe. Petroli iwe mbali na hapo. Cheche ya buluu inayolia ta! ta! ni nzuri. Ikiwa ya manjano na dhaifu, au haipo, fungua kifuniko cha distribyuta utazame pointi. Zisafishe kwa msasa laini, kisha weka nafasi ya karibu milimita 0.4. Nafasi ya plagi ni karibu milimita 0.8. Moto ukiwa mzuri lakini injini inapiga chafya, hakikisha nyaya zimefuata mpango: 1, 3, 4, 2, na silinda ya kwanza ni ile iliyo karibu na rejeta.

Petroli: toa paipu kwenye kabureta, weka chupa, usukume kile kijiti cha mkono kilicho kwenye pampu. Petroli isipotoka, tatizo liko nyuma: paipu imeziba, au mpira wa pampu umepasuka. Ikitoka vizuri, safisha kabureta.

Ya dizeli ina mambo yake. Hewa ikiingia kwenye mafuta haiwaki, mpaka itolewe kwa skrubu iliyo juu ya filta. Halafu plagi za joto kwa nyingi zimeungwa kama mnyororo: moja ikiungua, zote nne zinabaki baridi. Fundi asiyejua hilo atawauzia betri mpya.

Ukivuta kijiti cha oili ukakuta kitu kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Zima, usiendeshe. Mara nyingi ni gasketi ya hedi.

Taa zikififia au zikiwaka kwa mzaha, msikimbilie kununua balbu. Fungueni waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi au chesisi, mkwangue hadi chuma king'ae, mfunge tena kwa grisi kidogo.

BREKI

Hapa hatubembelezi mtu. Breki ya gari iliyolala haiaminiki hata kama pedali ni ngumu. Silinda ndogo za magurudumu hushika kutu ndani, na mafuta ya breki hufyonza maji. Fungueni magurudumu yote manne, mbadilishe raba na mafuta, mtoe hewa mkianza na gurudumu lililo mbali zaidi. Msiongeze oili ya injini kwenye kopo la breki hata tone moja: raba zinavimba na breki zinakwama au zinaisha kabisa.

Kisha jaribuni pedali. Ikipanda baada ya kuikanyaga mara mbili tatu, breki zinahitaji kurekebishwa nyuma ya gurudumu. Ikiwa laini kama sponji, kuna hewa. Ikizama polepole chini ya mguu, kuna mahali panavuja, au raba za silinda kuu zimekufa. Katika nyingi za zamani paipu ni njia moja tu kwa magurudumu yote, yaani paipu moja ikipasuka hamna breki hata kidogo.

Breki ya mkono nayo si kama ya magari mengine. Haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka gia boksi kwenda nyuma. Kwa hivyo ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gari linaweza kutembea ingawa umevuta breki ya mkono, na mtu yuko chini. Wekeni mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki, na mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Jambo hilo hilo hutokea hafushafti ikikatika njiani. Injini inanguruma, gia imeingia, gari halisongi. Bonyezeni kirungu cha manjano chini (na kama kuna kufuli kwenye magurudumu ya mbele, zifungeni), nayo magurudumu ya mbele yatawavuta hadi nyumbani polepole. Lakini kirungu kikiruka juu tena, breki ya mkono haishiki kitu. Mawe tena.

Kijiti chekundu ni cha nguvu ndogo ya matope na milima. Kivuteni nyuma gari likiwa limesimama. Mkirudi kwenye barabara kavu, kirudisheni mbele, na cha manjano kitaruka juu chenyewe. Kama mlitumia cha manjano peke yake, vuteni chekundu nyuma kisha mbele. Kwenye lami msiendeshe na magurudumu manne. Gia boksi na shafti zinajikaza hadi kitu kivunjike.

Kwa kamati: logbook iwe kwa jina la kikundi kabla ya kununua hata plagi moja. Na mkitaka kubeba abiria wa kulipa siku ya soko, lazima mpate leseni ya PSV na bima yake. Bima ya kawaida haitawalipia abiria hao ajali ikitokea.