Pete Imeota Doa Jeupe: Dhahabu, Zebaki na Hesabu za Einstein

Kijana mmoja wa Nzega, anayefanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, ameniletea swali lililonifurahisha kuliko yote niliyopata mwaka huu. Amenunua pete ya uchumba kwa sonara mjini Tabora, dhahabu ya njano, yenye chapa ya 750 upande wa ndani. Kabla hajaipeleka kwa mwenyewe aliitia mfukoni akaenda nayo kazini. Wenzake wakaishika, wakaigeuzageuza, wakampongeza. Jioni akakuta imeota doa jeupe la kung'aa, ukubwa wa punje ya mtama. Amelisugua kwa kitambaa, halitoki. Tangu hapo moyo umesita. Anahofia ameuziwa shaba iliyopakwa rangi, na juu ya hapo dada wa mchumba wake amemwonyesha kwenye simu pete za dhahabu nyeupe na kumwambia kwamba hizo ndizo zinazovaliwa siku hizi. Anauliza: airudishe, aibadili, au aivumilie?

Mdogo wangu, usiirudishe wala usiibadili kwa sababu ya doa. Doa hilo ni zebaki. Ila siwezi kukueleza zebaki imefanya nini kwenye pete yako kabla sijakueleza kwa nini pete hiyo ni ya njano, na hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika swali lako. Habari za bei na kipimo cha kidole atakueleza sonara.

Nzega imekaa juu ya miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na dhahabu imo ndani ya miamba hiyo. Ndiyo iliyowaleta Waaustralia pale Lusu mwishoni mwa miaka ya 1990 kuchimba Golden Pride, mgodi mkubwa wa kwanza wa zama hizi nchini, na ndiyo inayowaweka wachimbaji wadogo kwenye maduara, yaani mashimo yao, mpaka leo. Watu wa huko wanaijua dhahabu kwa macho. Wachache wameulizwa kwa nini ina rangi ile.

Tazama metali nyingine unazozishika: chuma, bati, alumini, risasi, zinki, nikeli, fedha. Zote ni nyeupe au za kijivu. Zenye rangi dhahiri ni mbili tu, shaba na dhahabu. Na dhahabu ndiyo inayoshangaza zaidi, kwa sababu kwenye jedwali la elementi imekaa chini ya fedha, safu moja, na mpangilio wa elektroni zao za nje unafanana. Kwa haki ingekuwa nyeupe kama fedha. Iliyoigeuza njano ni nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein, ile ya mwaka 1905, ambayo wengi tumezoea kuisikia kwenye habari za nyota na vyombo vya angani.

Hapa nahitaji neno moja la kufanyia kazi. Vitabu vingi vinasema elektroni hukaa kwenye "obiti". Silipendi neno hilo kwa kazi hii, maana linaleta picha ya sayari inayozunguka jua kwa njia moja, na elektroni haina njia ya namna hiyo. Ina eneo ambamo hupatikana, mara nyingi hapa, mara chache pale. Nilijaribu "uwanda", nikaona umepanuka mno. Nikajaribu "kiota", nikaona kinatuliza kitu kisichojua kutulia. Nimebaki na "makao", na ningependa walimu wa kemia walifikirie.

Katikati ya atomu ya dhahabu, kwenye kiini chake, mna protoni 79. Mvuto wa kiini hicho ni mkali kiasi kwamba elektroni za ndani kabisa hukimbia kwa takriban asilimia 58 ya kasi ya mwanga, yaani kilometa zipatazo 173,000 kwa sekunde. Kitu kinachokimbia hivyo hakifuati hesabu za kawaida. Einstein alionyesha kwamba kadiri mwendo unavyokaribia ule wa mwanga ndivyo kitu kinavyozidi kuwa kizito kusukumwa, na kwa elektroni hizi nyongeza ni zaidi ya sehemu moja ya tano. Elektroni nzito huvutwa karibu zaidi, na makao yake husinyaa. Raha yenyewe ni kwamba jambo hili haliishii ndani. Elektroni ya nje kabisa ya dhahabu, ile inayofanya kemia yote, ina makao yanayofika mpaka karibu na kiini, kwa hiyo nayo husinyaa na kushuka. Elektroni za tabaka linalofuata chini yake, kwa kuwa zimekingwa zaidi na zile zilizosogea ndani, hupanuka na kupanda. Ya juu imeshuka, ya chini imepanda: pengo kati yao limekuwa dogo. Fedha, yenye protoni 47, haifiki huko. Elektroni zake za ndani hukimbia kwa theluthi moja hivi ya kasi ya mwanga, na pengo lake limebaki pana.

Sasa mwanga unapogonga pete hutokea nini? Kumbuka njia ya misafara. Karne ya 19, msafara uliopita katika nchi ya mtemi ulitozwa hongo, ushuru wa njia: vitambaa, shanga, waya wa shaba. Mwanga mweupe ni msafara wa wapagazi wengi. Nyekundu ana mzigo mdogo, njano amemzidi kidogo, kijani zaidi, bluu zaidi tena, zambarau zaidi, na nyuma yao wote yupo urujuanimno, ambaye jicho letu halimwoni. Uso wa metali ni boma la mtemi. Mtemi huyu ana sheria moja: hachangishi kidogo kidogo kutoka kwa wengi. Pagazi mmoja akiwa na mzigo unaotosha kuipandisha elektroni moja kutoka makao ya chini hadi ya juu, mzigo wake huchukuliwa na safari yake huishia hapo. Asiyetosha hurudishwa alikotoka, mzigo wake ukiwa kamili.

Mtemi wa Fedha ametaja hongo kubwa, kwa sababu pengo lake ni pana. Ni urujuanimno peke yake anayeweza kulipa. Wengine wote hurudishwa, na msafara mzima unapolifikia jicho, jicho linaona weupe. Mtemi wa Dhahabu ameshushiwa hongo na Einstein. Kwake bluu na zambarau wanatosha, kwa hiyo wanazuiliwa, na wanaorudi ni nyekundu, njano na sehemu ya kijani. Jicho likiwajumlisha hao linasema: njano. Kwenye dhahabu nyeupe, sonara amechanganya dhahabu na nikeli au paladi, na hapo ni kama boma limepata washauri wapya. Hongo haina tena kiwango kimoja: kutoka kila rangi, yenye mizigo mikubwa kwa midogo, baadhi ya wapagazi huzuiliwa na waliobaki hurudishwa. Rangi zote hurudi zikiwa zimepungua karibu sawasawa, na metali inakuwa nyeupe yenye ukijivu.

Ukijivu huo ndio sababu pete nyingi za dhahabu nyeupe hupakwa rodi juu, metali ya thamani inayong'aa sana. Weupe aliokuonyesha shemeji yako kwenye simu ni wa rodi, na utando huo ni mwembamba. Pete ya kuvaliwa kila siku, kwa sabuni, jembe na masufuria, huuchakaza, na inabidi irudishwe kwa fundi ipakwe tena. Nikeli nayo huwawasha baadhi ya watu ngozi. Dhahabu ya njano haina cha kupakwa, maana rangi yake inatoka ndani ya atomu. Atakayeitengeneza upya miaka 60 ijayo ataikuta vilevile.

Hata wanasayansi wenyewe walichelewa kuliona jambo hili. Mwaka 1929 mwanafizikia Paul Dirac, mmoja wa vichwa vikubwa vya karne ile, aliandika kwamba uhusianifu hauna uzito wowote katika kemia ya kawaida. Ilichukua miongo kadhaa mpaka wanakemia, Pekka Pyykkö wa Finland miongoni mwao, waonyeshe katika miaka ya 1970 kwamba kwa atomu nzito mambo si hivyo.

Na sasa zebaki. Ni jirani wa dhahabu mlango kwa mlango: dhahabu ni namba 79, zebaki ni namba 80. Makao ya nje ya dhahabu yana nafasi mbili na elektroni moja. Ya zebaki yana elektroni mbili, yamejaa. Kwa sababu ileile ya uhusianifu yamevutwa ndani, na elektroni hizo mbili hazina hamu ya kushirikiana na atomu ya pembeni. Atomu za zebaki zinashikana kwa shida sana, ndiyo maana zebaki ni kimiminika mpaka kwenye nyuzi 39 chini ya sifuri. Mwaka 2013 watafiti, Peter Schwerdtfeger wa New Zealand akiwa mmoja wao, walikokotoa kwa kompyuta zebaki ingekuwaje bila Einstein. Jibu: isingeyeyuka mpaka nyuzi 82 za Selsiasi. Kwenye karai la mchenjuaji ingekaa kama kipande cha bati.

Zebaki inayokataa kushikana na zebaki mwenzake huikubali dhahabu upesi mno. Ndiyo kazi yako ya kila siku, mdogo wangu. Mchanga uliotoka kwenye mwalo, mfereji wa kuoshea, unatiwa kwenye karai, zebaki inamiminwa, inachanganywa kwa mkono, nayo inaokota chembe za dhahabu na kuacha mawe. Halafu inakamuliwa kwenye kitambaa, na donge jeupe linalobaki linachomwa ili zebaki itoke. Mwenzako mmoja aliishika pete yako akiwa na tone lisiloonekana kwenye kidole. Zebaki ikaingia kwenye uso wa pete na kutengeneza ngozi nyembamba ya dhahabu na zebaki, na ngozi hiyo ni nyeupe.

Shaba nayo huweza kupata doa la namna hii, kwa hiyo doa peke yake halithibitishi dhahabu. Kinachothibitisha ni maji. Azima mizani ya sonara inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Pima pete ikiwa kavu, andika. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza pete kwa uzi mpaka izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea ni ujazo wa pete kwa sentimeta za ujazo. Gawanya uzito kwa ujazo huo. Dhahabu tupu hutoa 19.3, ya chapa 750, yaani karati 18, hutoa kati ya 15 na 16, ya karati 9 inazunguka 11, shaba ya njano ni 8.5 tu. Pete yako ikiwa na gramu 4, glasi isome karibu 0.26. Ikisoma 0.47, hapo una haki ya kurudi Tabora na hasira zako. Kipimo hiki ni cha pete isiyo na jiwe wala uwazi ndani.

Doa linatoka kwa moto. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, dhahabu tupu huyeyuka kwenye 1,064, kwa hiyo fundi anaweza kuifukuza moja bila kuigusa nyingine, kisha akaing'arisha pete. Lakini moto huo usiwe wa jiko lako. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, unaingia kwenye mapafu na kwenda kuharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, lakini mkataba haukuzuii wewe kuwasha mkaa uani. Mtafute sonara mwenye vifaa vya kunasa mvuke huo, mwambie waziwazi kwamba ni zebaki, na wewe usisimame karibu.

Mpaka hapo pete isivaliwe na mtu. Ikishasafishwa, mpe mchumba wako hiyohiyo ya njano, na umwombe asije nayo karashani. Na wewe, kabla ya kurudi kwake jioni, oga na uziache nguo za karai kazini.