Ajali za malori Marekani: mkadiria hasara 'huru' yuko huru kwa nani?

Lori la mizigo linapogonga magari katika barabara kuu ya Marekani, polisi na gari la wagonjwa ndio hufika kwanza. Haupiti muda mrefu kabla ya kutokea mtu mwingine, asiye na sare wala king'ora, mwenye kamera, tochi na utepe wa kupimia. Huyo ni mkadiria hasara. Hakuja kumwokoa mtu wala kumkamata mtu. Amekuja kutafuta jibu la swali moja: nani atalipa, na atalipa kiasi gani.

Swali hilo linawagusa Waafrika Mashariki walioko ng'ambo moja kwa moja. Udereva wa malori umekuwa riziki ya wahamiaji wengi nchini Marekani, wakiwemo watu waliotoka Kenya, Somalia, Kongo, Rwanda na Burundi. Baadhi yao wameajiriwa. Wengine wamenunua lori kwa mkopo na kulikodisha kwa kampuni ya usafirishaji. Ajali moja yaweza kuwapokonya leseni, lori na akiba ya familia kwa siku moja. Na aghalabu mtu wa kwanza kumwuliza dereva kwa upole "ilikuwaje?" huwa ni mkadiria hasara.

Neno lenye mtego

Nchini humo wakadiria hasara wako wa aina tatu. Wa kwanza ni mwajiriwa wa kampuni ya bima yenyewe. Wa pili huitwa "huru": hana mwajiri mmoja, bali yeye au kampuni yake hukodiwa na makampuni mbalimbali ya bima, na hulipwa kwa saa au kwa kila jalada. Wa tatu huajiriwa na mwenye mali iliyoharibika, tuseme mwenye nyumba iliyoungua, ili amtetee mbele ya kampuni ya bima. Huyu wa tatu ni nadra kuonekana katika kesi za watu walioumizwa na malori, kwani kazi ya kuwatetea hushikwa na mawakili.

Kwa hiyo neno "huru" lisipoelezwa humpotosha msikilizaji. Maana yake ni kwamba mtu huyu hayumo katika orodha ya mishahara ya kampuni ya bima. Halimaanishi kwamba yeye ni mwamuzi asiyeegemea upande wowote. Anayemtuma ni kampuni ya bima, anayemlipa ni kampuni ya bima, na ripoti yake huenda huko huko. Majeruhi aliyelazwa hospitalini si mteja wake. Dereva naye, ingawa bima ni ya lori alilokuwa akiliendesha, si mteja wake.

Sababu kubwa ya kumkodi ni umbali. Lori lililokatiwa bima Ohio laweza kupinduka New Mexico, na kampuni ya bima haiwezi kuweka mfanyakazi wake katika kila wilaya ya nchi kubwa namna hiyo. Humpigia simu mtu anayeishi karibu na mahali pa ajali, anayeijua barabara, mwenye gereji anazofahamiana nazo na anayejua lori lililokokotwa limepelekwa uwanja gani.

Ajali ikiwa kubwa, hasa yenye vifo, hatumwi peke yake. Makampuni mengi ya bima za malori yana simu inayopokelewa saa 24, na katika muda wa saa chache wakili na mhandisi wa kuchunguza mwendo wa magari waweza kuwa wameshafika mahali pa tukio. Wakati huo jamaa za majeruhi bado wanatafuta wodi aliyolazwa. Hakuna sheria inayovunjwa hapo, lakini upande mmoja umeanza kukusanya ushahidi ilhali wa pili haujui hata kwamba kazi hiyo imeanza.

Haifai, hata hivyo, kumdhania mkadiria hasara kuwa mtu wa hila. Majimbo kama Texas na Florida humtaka awe na leseni, ingawa yako majimbo yasiyo na sharti hilo. Zaidi ya leseni, iko sababu ya kifedha ya kusema kweli. Tangu hukumu ya mwaka 1929 huko Texas, iliyotokana na ajali ya barabarani, kampuni ya bima inayokataa bila busara kumaliza madai ndani ya kikomo cha bima yaweza kulazimika kulipa yenyewe kiasi kinachozidi kikomo hicho baraza la mahakama likiamua hivyo. Mkadiria hasara anayewaficha waliomtuma habari mbaya huwaingiza katika shimo hilo. Ripoti nzuri ni ile inayoeleza udhaifu wa upande wake bila kupunguza neno.

Ushahidi usiosubiri

Lori lililojaa shehena huruhusiwa kufikia pauni 80,000, yaani tani 36 hivi, katika barabara kuu za shirikisho. Likiwa katika mwendo wa maili 65 kwa saa, laweza kuhitaji zaidi ya mita 150 kabla ya kusimama. Kwa hiyo maswali ya awali ni ya mwendo na breki. Alama za matairi barabarani hupimwa upesi, kwa sababu mvua huzifuta na magari mengine huzikanyaga. Matairi hukaguliwa. Breki hupimwa moja moja kujua kama zilikuwa zimekazwa inavyotakiwa, na kazi hiyo yafaa ifanywe kabla fundi yeyote hajagusa kitu.

Shahidi mkubwa zaidi hana mdomo. Injini za malori ya kisasa huendeshwa kwa kompyuta, na nyingi kati ya hizo huhifadhi kumbukumbu ya mwendo, mzunguko wa injini na kukanyagwa kwa breki lori linapopunguza mwendo kwa ghafla. Kwa aina nyingine kumbukumbu hiyo yaweza kufutwa na tukio jipya endapo lori litawashwa na kuendeshwa tena. Ndiyo maana mkadiria hasara mzoefu huagiza lori lisiwashwe mpaka mtaalamu afike na vyombo vyake. Wakili wa majeruhi naye, akiwa mwepesi, hupeleka barua ya kuitaka kampuni isifute, isitengeneze wala isiuze chochote. Barua hiyo ina thamani kubwa kwa kuwa kampuni hulazimika kuhifadhi kumbukumbu za saa za kazi za dereva kwa miezi 6 tu.

Saa hizo zina hesabu yake. Dereva wa lori la mizigo haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11, na hizo zote lazima ziingie ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Zamani hesabu iliandikwa kwa kalamu katika daftari, na madereva wenyewe hawakuficha kwamba daftari lilikuwa likivumilia mengi. Tangu Desemba 2017 malori mengi yametakiwa kuwa na kifaa cha elektroni kilichounganishwa na injini. Hata hivyo mkadiria hasara hakiamini kifaa peke yake. Hukilinganisha na stakabadhi za mafuta, malipo ya barabara, karatasi za mizani, hati ya shehena na simu ya dereva. Kifaa kikisema dereva alikuwa amelala Tennessee ilhali stakabadhi inaonyesha alinunua mafuta Kentucky saa ile ile, jalada linabadilika sura.

Ajali ya Juni 2014 katika barabara kuu ya New Jersey inaonyesha jinsi hata karatasi zinavyoweza kutosema yote. Lori la kampuni ya maduka ya Walmart liligonga kwa nyuma gari lililombeba mchekeshaji Tracy Morgan. Yeye alijeruhiwa vibaya na mchekeshaji mwenzake, James McNair, alifariki. Wachunguzi wa bodi ya taifa ya usalama wa usafiri walikuta kwamba lori lilikuwa likienda maili 65 kwa saa mahali ambapo, kwa sababu ya matengenezo, kikomo kilikuwa maili 45. Dereva alikuwa kazini kwa muda wa saa 13 na dakika 32, yaani bado ndani ya zile saa 14. Lakini kabla ya kuanza kazi alikuwa ameendesha gari lake mwenyewe usiku kucha kutoka Georgia hadi Delaware, na hivyo alikuwa macho kwa saa 28. Kitabu cha kazi hakikuwa na safu ya safari hiyo. Ilibidi mtu aulize swali lisilokuwamo katika fomu: ulilala lini mara ya mwisho?

Kikomo cha fedha

Lori linalobeba shehena ya kawaida kwa malipo kutoka jimbo moja hadi jingine hutakiwa na sheria ya shirikisho kuwa na bima ya angalau dola 750,000. Kiasi hicho kilitokana na sheria ya mwaka 1980 na hakijapandishwa tangu katikati ya miaka ya 1980, ingawa gharama za hospitali zimepanda mno. Kwa shehena za hatari zaidi, sheria hudai dola milioni 5. Watu watatu wakiumia vibaya katika ajali moja, dola 750,000 zaweza kumalizika kabla mgonjwa wa pili hajatoka hospitalini.

Hapo mkadiria hasara hutafuta mifuko mingine. Kichwa cha lori chaweza kuwa mali ya mtu mmoja, tela la mwingine, shehena ya wa tatu, na safari yenyewe ilipangwa na dalali. Namba iliyoandikwa mlangoni humwonyesha ni kampuni gani iliyosafiri kwa kibali chake. Dereva mwenye lori lake anapaswa kujua jambo moja ambalo halisemwi sana: kiambatisho cha bima kinachotakiwa na serikali huilazimisha kampuni ya bima kumlipa aliyeumizwa hata kama hati yenyewe haikulihusu lori lile, kisha kampuni yaweza kumgeukia aliyekata bima hiyo ili arudishe fedha hizo.

Wasomaji walioko nyumbani watatambua sura hii, ingawa hesabu ni tofauti. Nchini Kenya wakadiria hasara hupewa leseni na mamlaka ya kusimamia bima, na sheria ya bima ya magari inaiwekea kampuni ya bima kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mtu aliyeumizwa. Lori linalovuka mipaka hubeba kadi ya njano ya COMESA, ambayo hutumika hata Tanzania, nchi iliyojitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000.

Pole na 'sorry'

Kinachowaponza zaidi wasemaji wa Kiswahili ni maneno yao wenyewe. Mswahili akimkuta mtu ameumia humwambia "pole", awe amemuumiza yeye au ameumizwa na radi. Ni utu, si kukiri kosa. Dereva anapoitafsiri kwa Kiingereza husema "sorry", na neno hilo likiandikwa katika ripoti laweza kusomwa kama maungamo. Majimbo kadhaa, yakiwemo Massachusetts, California na Texas, yana sheria zinazozuia maneno ya huruma yasitumiwe kama ushahidi wa kosa, lakini huruma ikichanganywa na kauli kama "sikukuona", kinga hiyo haiifuniki kauli ya pili.

Uzito wa neno moja hutegemea pia jimbo. Majimbo mengi hugawa lawama kwa asilimia. Virginia, Maryland, North Carolina na Alabama, pamoja na mji mkuu Washington, yangali na kanuni ya kale: mdai aliyechangia ajali hata kwa sehemu ndogo aweza kukosa fidia yote. Washington iliilegeza mwaka 2016 kwa waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Mwenye gari dogo aliyegongwa na lori huko Virginia, akimwambia mkadiria hasara kwa uungwana kwamba "labda nami nilichelewa kidogo kuwasha taa ya kupinda", huenda amelifunga dai lake kwa sentensi hiyo.

Wajibu wa kujibu si sawa kwa wote. Dereva na mwajiri wake hutakiwa na hati ya bima kushirikiana na kampuni yao wenyewe. Aliyegongwa halazimiki kutoa maelezo ya kurekodiwa kwa mkadiria hasara wa upande wa pili, na aweza kusema kwamba atazungumza kupitia wakili. Yeyote kati yao aweza kuuliza kwanza: umetumwa na nani?

Iko tatizo la lugha. Sheria ya shirikisho humtaka dereva wa lori ajue Kiingereza cha kutosha kuzungumza na watu, kusoma alama za barabarani na kuwajibu maofisa, na tangu Juni 2025 anayeshindwa katika ukaguzi huzuiwa kuendelea na safari. Ni rahisi kuelewa kwa nini dereva Mkongo au Mrundi atasita kuomba mkalimani siku ya ajali. Lakini kujibu maswali ya ofisa wa mizani ni jambo moja, na kusimulia sekunde tano za kutisha mbele ya chombo cha kurekodi ni jingine. Anaweza kuomba mahojiano yaahirishwe mpaka apumzike au apate ushauri, na kuomba nakala yake.

Mahojiano hayo hufungwa kwa maswali ya desturi: je, umeelewa maswali yote niliyokuuliza, majibu yako ni ya kweli kadiri ujuavyo, na ulifahamu kwamba unarekodiwa? La kwanza ndilo ambalo mtu aliyechoka, asiyekimudu vizuri Kiingereza, huliitikia "ndiyo" upesi kuliko yote.