Uso wa Mtu si Mchezo

Mwezi wa Januari 2024 zilienea picha za uchi za mwimbaji wa Marekani, Taylor Swift, zote za uwongo, zilizotungwa kwa kompyuta. Moja ilitazamwa zaidi ya mara milioni 40 kabla ya kuondolewa.

Kijana wetu wa Mbeya au Iringa naye aweza kupokea picha za namna hiyo katika simu, akampelekea mwenziwe akisema, "Mzaha tu, kila mtu ajua si kweli." Nasi twamjibu: picha ni ya uwongo, lakini aibu impatayo mwenye uso ni ya kweli. Suratul Hujurat yakataza dhihaka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo yakataza kueneza picha za uchi.

Wazazi, tuwafunze watoto: kumpenda mwimbaji si kuumiliki uso wake. Picha hiyo ikifika, na ifutwe.