Mkanda wa Tumboni: Wakati wa Kukaza na Wakati wa Kulegeza

Mkanda aufahamuo askari ni ule wa kiunoni, ambao huuvuta tundu moja mbele au tundu moja nyuma kwa mkono wake mwenyewe kabla ya gwaride. Upo mkanda mwingine usioonekana wala kuvutwa kwa mkono, nao ndio tunaokusudia kuueleza leo, kwa kuwa wapo wenzetu waliokwisha kuuvaa. Huu hufungwa na daktari wa upasuaji kuzunguka sehemu ya juu ya tumbo la chakula, ili kumsaidia mtu aliyenenepa kupita kiasi apungue uzito.

Hatuandiki haya kwa kusikia tu. Ofisa mmoja tuliyekuwa naye katika chuo cha makadeti alifungwa mkanda huo ng'ambo miaka kadhaa iliyopita. Mwaka wa kwanza alipungua vema, hata ikambidi kubadilishiwa sare mara mbili. Kisha mizani ikasimama. Alimwendea daktari akaomba akazwe, naye akakazwa, mizani haikutikisika. Akaomba tena, akakazwa tena. Tulipoketi naye mesi tuliona kwamba nyama haigusi, na posho huimega kwa woga kama mtu aokotaye bomu. Lakini chai ya maziwa yenye sukari nyingi ilipita, soda ilipita, na uji mtamu ulipita bila kizuizi. Usiku alikohoa hata wenziwe wakadhani ana maradhi ya kifua. Yeye mwenyewe aliamini kuwa mkanda umelegea.

Ili kufahamu kosa lilikuwa wapi, hapana budi tueleze jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Mkanda ni pete ya silikoni, na upande wake wa ndani una mfuko mwembamba uwezao kujazwa maji. Kutoka kwenye pete hutoka mpira mwembamba unaokwenda hadi kwenye kijisanduku kidogo kilichoshonwa chini ya ngozi, juu ya misuli ya tumbo. Daktari huchoma sindano katika kijisanduku hicho na kutia maji safi ya chumvi, yale ya hospitali. Mfuko hufura, na njia ya chakula hupungua upana. Akiyavuta maji, njia hupanuka. Ipo mikanda ichukuayo mililita 4 tu, na mingine hupokea 10 au zaidi, lakini kwa zamu moja aghalabu huongezwa nusu mililita au mililita moja. Ndiyo kusema kwamba tofauti ya mtu kula kwa raha na mtu kushindwa kumeza mate inaweza kuwa matone machache.

Mikanda ya namna hii ilibuniwa Sweden na Marekani katika miaka ya 1980. Tarehe 1 Septemba 1993, katika mji wa Huy nchini Ubelgiji, Dakta Mitiku Belachew aliufunga wa kwanza kwa kupitia matundu madogo tumboni, pasipo kulipasua tumbo lote. Marekani iliuruhusu mwaka 2001. Siku hizi madaktari wengi wanapendelea upasuaji wa kukata sehemu ya tumbo, na mikanda mipya imekuwa michache. Hata hivyo waliofungwa zamani wangali nayo, na kila mmoja wao huhitaji kuangaliwa maadamu anao.

Waliolichunguza sana suala la lini mkanda urekebishwe ni madaktari wa Melbourne, Australia, miongoni mwao Paul O'Brien na John Dixon wa Chuo Kikuu cha Monash. Mwaka 2013 walitangaza matokeo ya wagonjwa zaidi ya 3,000; wale waliofuatwa kwa miaka 10 na kuendelea walikuwa bado wamejiepusha na karibu nusu ya uzito wao uliozidi. Nao waliwafundisha wagonjwa wao kwa rangi tatu, ambazo askari yeyote wa usalama barabarani atazielewa.

Rangi ya njano ni ya mkanda uliolegea. Mtu hula sahani nzima bila taabu, na saa moja au mbili baadaye ameanza kutafutatafuta cha kutia mdomoni, na uzito haushuki. Huyu anastahili kuongezewa maji. Rangi ya kijani ni pale mtu anaposhiba kwa chakula kidogo, njaa isirudi upesi, na uzito ukishuka taratibu, tuseme nusu kilo hata kilo moja kwa juma. Huyu asiguswe, hata kama ana haraka. Na askari tunajijua kwa haraka zetu. Rangi nyekundu ni ya mkanda uliobana mno: chakula hukwama, mtu hucheua na kutapika, ana kiungulia, na usiku akilala humshika kikohozi kwa sababu yaliyomo tumboni hupanda kooni.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na ndipo alipopotea mwenzetu. Mtu aliye katika rangi nyekundu naye huenda asipungue uzito! Vyakula vyenye kumfaa, yaani nyama, samaki na mboga, vinamtesa, naye bila kujua hukimbilia vilaini na vitamu, ambavyo huteleza kupita mkandani kama maji na kumnenepesha vilevile. Mizani imesimama kwa yule wa njano na kwa yule wa nyekundu. Mizani peke yake haiwezi kuwatenga. Daktari aulizaye kilo tu, asiulize mtu anakula nini, kwa muda gani, na analalaje, atamkaza anayepaswa kulegezwa.

Tena kabla ya kuulaumu mkanda sharti tuyaangalie mazoea ya kambini. Tangu kurutu tumefunzwa kula mbio, na mwenye mkanda hawezi kula hivyo. Tonge lake liwe dogo, litafunwe hata lilainike, ndipo limezwe, kisha asubiri kidogo kabla ya lingine. Anayekwamwa kwa sababu ya kubugia hana haja ya sindano, ana haja ya kupewa nafasi ya kula polepole. Maofisa wenye kusimamia mesi wanaweza kusaidia katika hilo bila gharama yoyote.

Kwa kawaida maji ya kwanza hayatiwi siku ya upasuaji, bali baada ya majuma 4 hadi 6, jeraha la ndani likiisha kutulia. Kila baada ya kukazwa mgonjwa hupewa maji anywe papo hapo; yasiposhuka vema haruhusiwi kuondoka. Askari wa kike akishika mimba, au mtu akipata ugonjwa mkubwa, daktari anaweza kuulegeza ili mwili upate chakula cha kutosha. Na mkanda uliokuwa ukifanya kazi ukilegea ghafla, haifai kuongeza maji tu. Kwanza yavutwe yaliyomo na kupimwa: yakiwa pungufu ya yale yaliyotiwa, kuna mahali panavuja. Kijisanduku kikivimba na kutunga usaha muda mrefu baada ya upasuaji, yawezekana mkanda umetoboa ukuta wa tumbo.

Jambo lisilongoja kesho ni hili: mtu hawezi kumeza hata maji, anatapika mfululizo, au ana maumivu makali ya tumbo yasiyoachia. Huenda tumbo limeteleza ndani ya mkanda, na sehemu hiyo inaweza kukosa damu ikafa. Aende hospitali kubwa saa ileile, na maji yatolewe. Sindano yenyewe ni ya aina maalumu, ambayo ncha yake haimegi mpira; sindano ya kawaida ya zahanati inaweza kukitoboa kijisanduku kikavuja. Anayetumwa kikazi mbali ayaulize hayo kabla ya kupanda gari.

Mwenzetu hatimaye alikutana na daktari mwingine aliyemwuliza habari za kikohozi kabla ya kumpandisha kwenye mizani. Alivuta maji kidogo tu. Juma lile tulimwona mesi akila samaki na maharage, bila haraka, na wenziwe wote wamekwisha kuondoka mezani. Usiku alilala. Baada ya miezi michache mizani ilianza kushuka tena, polepole. Sasa hubeba kadi ndogo iliyoandikwa aina ya mkanda wake, mililita zilizomo, na tarehe ya mwisho ya kurekebishwa, nayo huiweka pamoja na kitambulisho chake cha jeshi.