Mashine ya kufulia ikigoma, uliza kwanza imesimama wapi

Mashine nyingi za kufulia ninazoletewa hapa Pap Onditi kwa mkokoteni au bodaboda huwa zimeshatangazwa kuwa zimekufa. Mwenyewe ameambiwa bodi imeungua, na bei ya bodi ni kubwa hivi kwamba anawaza kumuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Mimi ni mtu wa pwani. Ufundi huu niliuanzia Mombasa kabla ya kuhamia huku Nyakach, kaunti ya Kisumu, na huku na kule nimeona jambo lile lile: bodi husingiziwa makosa ya maji, ya stima na ya uchafu.

Mashine ya kufulia ina hatua nne: huingiza maji, hufua, hutoa maji, kisha hukamua. Zile zinazojiendesha zenyewe haziendi hatua ya pili mpaka ya kwanza imalizike. Kwa hivyo pale iliposimama ndipo pa kuanza kutafuta.

Ikiwa haiingizi maji, tazama tangi kabla ya mashine. Nyumba nyingi hapa hutumia maji ya mvua yaliyo kwenye tangi juu ya kichanja kifupi. Kila mita 10 za kimo hutoa msukumo wa baa 1, basi tangi lililo mita 2 juu ya mashine hutoa baa 0.2 tu. Vali za mashine nyingi zinataka msukumo zaidi ya huo ndipo zifunguke sawasawa. Utasikia vali ikinguruma na maji hayaji. Dawa yake ni kuinua tangi au kufunga pampu ndogo, si kununua bodi.

Jambo la pili ni tope. Udongo wa Nyakach humomonyoka sana, na makorongo ya Katuk Odeyo ni ushahidi. Mvua ikinyesha, maji ya mito huja mekundu. Nyuma ya mashine, pale mpira wa maji unapoungana na vali, kuna kichujio kidogo cha wavu. Funga bilula, fungua mpira, kichomoe taratibu kwa koleo na ukisugue kwa mswaki wa zamani. Mama mmoja wa hapa, ambaye hufulia watu nguo na ndiyo karo ya wanawe, alikuwa ameambiwa atoe pesa ya bodi inayokaribia nusu ya bei ya mashine mpya. Kichujio chake kilikuwa kimejaa tope gumu kama tofali. Tulikisafisha, na jioni ile ile akarudi kazini.

Ikiwa maji yanaingia lakini haifui, sikiliza mota. Mashine za mapipa mawili, ambazo ndizo nyingi huku, zikinguruma bila kuzunguka, kagua mkanda kama umelegea au umekatika, kisha kapasita inayoisaidia mota kuanza. Kapasita huweza kubaki na stima hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hivyo mwachie fundi. Pima pia stima yenyewe. Kawaida yetu Kenya ni volti 240. Ikishuka hadi 170, nguvu ya mota ya aina hii hubaki kama nusu, na pipa lililojaa mablanketi halitaenda. Stima ikipotea ghafla, chomoa plagi na usiirudishe mpaka itulie, maana mrudio wake ndio unaoua bodi kweli.

Ikiwa maji machafu hayatoki, katika mashine nyingi zinazofunguka mbele kuna kimlango kidogo chini. Weka beseni na matambara, fungua chujio polepole. Nimetoa humo sarafu, vifungo, pini za mtandio na soksi za watoto. Angalia pia kama mpira wa kutolea maji umekunjika.

Ikiwa haikamui, kwanza hakikisha maji yametoka yote, kwani nyingi hazikamui zikiwa na maji. Kisha panga nguo upya: blanketi moja zito likilalia upande mmoja, mashine hujizuia. Ikikamua kwa kelele kama kinu cha kusaga mahindi, zungusha pipa kwa mkono. Likikwaruza au likichezacheza, beringi zimekwisha. Badilisha pamoja na sili yake, kwa sababu mara nyingi ni sili iliyopitisha maji yaliyoziozesha.

Mashine za kuoshea vyombo ni chache huku kwetu, lakini wasomaji walioko Mombasa na Ghuba wanazo. Uchunguzi ni ule ule. Vyombo vikitoka na uchafu, osha chujio la chini na uzibue matundu ya mikono inayorusha maji kwa kijiti. Vikitoka na ukungu mweupe, maji yako ni magumu, kama ya visima vingi vya pwani. Ile chumvi maalumu haioshi vyombo. Kazi yake ni kuhuisha kile chombo cha ndani kinacholainisha maji, na ya mezani haifai.

Maji hayo magumu pia huacha magamba kwenye hita ya mashine ya kufulia mpaka ikapasuka. Ikiwa swichi kuu inaanguka kila maji yanapoanza kupashwa moto, shuku hita. Usiifungie swichi hiyo, wala usiweke kipande cha waya mahali pa fyuzi. Swichi inaanguka kwa sababu stima inavuja, na anayefua huwa miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji. Waya wa kijani na manjano wa kwenda ardhini nao usikatwe kamwe. Huo hauisaidii mashine kufua, unamlinda aliyeigusa.

Basi kabla hujatoa pesa ya bodi, mwombe fundi akuonyeshe hatua gani mashine imesimama, na amepima nini hapo: maji, stima au pampu. Fundi anayejua kazi yake atafungua kifuniko na kukuonyesha kwa kidole. Asipoweza, shukuru, beba mashine yako, na uanze wewe na kichujio.