Osteoporosisi: Mifupa Inapodhoofika

Osteoporosisi ni ugonjwa unaoufanya mfupa uwe na matundu mengi ndani na kuta nyembamba, hata uvunjike kwa pigo dogo. Kwa kawaida mgonjwa hasikii maumivu yoyote mpaka ajikwae na kuvunjika nyonga au kifundo cha mkono. Wakati mwingine pingili za uti wa mgongo hubonyea zenyewe, kimo kikapungua na mgongo ukapinda, watu wakadhani ni uzee tu.

Mfupa ni kiungo hai. Kila siku chembe fulani hubomoa sehemu zilizochakaa na nyingine hujenga upya. Ujanani ujenzi hushinda, na mifupa hufikia kilele cha uimara karibu na miaka 30. Baadaye ubomoaji huanza kutangulia. Kwa wanawake huenda mbio zaidi hedhi inapokoma, kwa kuwa homoni ya estrojeni, inayoulinda mfupa, hushuka. Wanaume nao hupatwa. Hatari huongezeka kwa wavuta sigara, walevi, watu wembamba mno, na wanaotumia dawa za steroidi kama prednisoloni kwa muda mrefu.

Akiba ya mifupa hujengwa kwa chakula. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji 1,200. Glasi ya maziwa ina karibu 300. Dagaa wanaoliwa pamoja na miiba yao, ufuta na sukuma wiki pia ni hazina. Mchicha una kalsiamu, ila asidi ya oksaliki iliyomo huzuia sehemu kubwa isifyonzwe. Vitamini D, inayosaidia ufyonzaji huo, hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Anayeshinda ndani huikosa.

Mfupa hukazika pia kwa kubebeshwa uzito: kutembea, kulima, kupanda ngazi, kucheza ngoma. Kwa wazee, taa ya usiku na sakafu isiyoteleza huzuia mianguko.

Ugonjwa huthibitishwa kwa kipimo cha eksirei kiitwacho DXA. Zipo dawa zinazopunguza ubomoaji, zikiwamo alendroneti, ambayo humezwa asubuhi kwa maji matupu kabla ya kula, na mgonjwa hatakiwi kujilaza kwa nusu saa baada ya kuimeza.

Aliyepita miaka 50 akivunjika kwa kuanguka tu akiwa amesimama, asiishie kufungwa plasta. Aombe mifupa yake ichunguzwe, maana mvunjiko wa kwanza mara nyingi hufuatwa na wa pili.